Msitu wa Kura: Kisa cha Trino, Italia

Kura tunaipiga kumchagua mbunge, na kura tunaipiga kugawana. Nyumbani kwetu ndugu wakirithi shamba, wakishakata vipande na kuridhika kwamba vimelingana, huandika namba kwenye vikaratasi, wanavikunja, na mtoto mdogo huitwa avichague. Hakuna atakayelalamika kwamba kaka mkubwa amejipendelea. Maana hii ya kugawana ndiyo kongwe, ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu. Waitaliano nao wana neno linalofanana nalo sana: *sorte*, fungu linalomwangukia mtu, na pia majaliwa yake. Wakiwa na mafungu mengi husema *sorti*.

Kaskazini-magharibi mwa Italia, katika mkoa wa Piemonte, kuna mji mdogo uitwao Trino, na nje ya mji huo upo msitu uitwao Bosco delle Sorti della Partecipanza. Kwa Kiswahili ningeuita Msitu wa Kura wa Ushirika. Una ukubwa wa takriban hekta 600. Familia za mji huo zimeumiliki kwa pamoja tangu mwaka 1275, na tangu 1991 ni hifadhi ya asili ya mkoa. Watu hao hao wanaendelea kukata kuni ndani yake, kwa kura, kila mwaka.

Nimesomea misitu, na nilikwenda Trino kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho. Katika kazi yangu nimezoea kusikia maneno "hifadhi" na "wananchi wanakata kuni" yakitamkwa kama kosa na ushahidi wake.

Namna ya kufika, na kinachoonekana

Trino iko wilaya ya Vercelli, kama kilomita 20 kusini-magharibi mwa mji wa Vercelli, karibu na mto Po. Nchi ni tambarare kabisa. Huu ndio moyo wa kilimo cha mpunga Italia, na mtu wa Mbarali au Mwea akishuka hapo mwezi wa tano atahisi yuko nyumbani: majaruba yamejazwa maji hadi upeo wa macho, matuta membamba yanayakata vipande vipande, na ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja wakisubiri chura. Nilifika majira ya baridi, mpunga umeshavunwa, ardhi imebaki na mabua, na ukungu wa bonde la Po umetanda hivi kwamba gari la mbele nililiona kwa taa tu.

Katika ubapa huo msitu unatokea ghafla. Jaruba linaishia kwenye mfereji, na ng'ambo ya mfereji miti imesimama kama ukuta. Hakuna eneo la vichaka la kukuandaa. Ukishaingia ndani ndipo unaelewa kitu ambacho ramani haikwambii: bonde hili lote lilikuwa hivi. Mialoni, miti ya carpino, na miti ya ontano sehemu zenye tope vilifunika tambarare ya Po kabla watu hawajaifyeka. Leo misitu ya asili ya tambarare hii imebaki vipande vichache mno, na hiki cha Trino ni mojawapo ya vikubwa.

Swali la kisa hiki linaanzia hapo. Kwa nini hapa ndipo pamebaki?

Waliozunguka msitu

Jibu la haraka lingekuwa kwamba pengine udongo wake haukufaa mpunga. Sehemu fulani zimeinuka kidogo, kweli. Lakini maji yakishaletwa kwa mifereji, watu wa Vercelli wamelima hata mahali pasipotarajiwa. Nadhani jibu lenye uzito zaidi ni kuangalia nani alimiliki nini.

Kilomita chache tu kutoka msituni ipo abasia ya Lucedio. Mtawala wa Monferrato, dola ndogo ya enzi hizo, aliwapa watawa wa Cistercian kutoka Burgundy eneo hilo mwaka 1123, wakafyeka, wakakausha mabwawa, wakafungua mashamba. Karne za baadaye mpunga ukaingia. Abasia ilipofutwa mwaka 1784 ardhi yake ikapita mikononi mwa wakubwa: nyumba ya kifalme ya Savoy, kisha Camillo Borghese, shemeji yake Napoleon, kisha matajiri wengine. Upande mwingine, katika kijiji cha Leri, ambacho leo kimo ndani ya mipaka ya Trino, Camillo Cavour aliendesha shamba kubwa la mpunga kabla hajawa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana. Mfereji mkubwa uliopewa jina lake ulizinduliwa mwaka 1866, na kilimo cha mpunga katika wilaya hii kikapanuka zaidi.

Mashamba hayo yote yalikuwa na mwenye mamlaka mmoja juu yake. Mtawa mkuu, mwana wa mfalme, au tajiri aliamka asubuhi, akapiga hesabu, akaona mpunga una faida kuliko mwaloni, akaamuru miti ishuke. Uamuzi wake ulitosha. Kipande pekee ambacho hakuna mtu mmoja angeweza kukiamulia hivyo kilikuwa cha wale wenye kura.

Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, alidai kwamba malisho yasiyo na mwenyewe lazima yaharibiwe, kwa kuwa kila mtu atavuta upande wake. Hoja hiyo ilisafiri mbali. Ilifika mpaka kwenye ofisi za ardhi za Afrika, ikatumika kuhalalisha kumnyang'anya mfugaji na mwanakijiji kwa jina la kuokoa ardhi isiharibiwe na mwanakijiji huyo huyo. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Hardin alichanganya ardhi isiyo na kanuni na ardhi yenye wenyewe wengi. Pale Trino sikuhitaji kitabu kunieleza tofauti hiyo. Nilisimama mpakani: nyuma yangu majaruba yaliyokuwa ya mmiliki mmoja mmoja, hakuna mti, mbele yangu ardhi ya mamia ya watu, msitu.

Zawadi ya Guglielmo

Aliyewapa watu wa Trino msitu huu ni Guglielmo VII, Marchese (yaani mtawala) wa Monferrato, mwaka 1275. Wakati huo alikuwa mtu mwenye nguvu, akipigania miji ya Piemonte na Lombardia, na mji wa mpakani kama Trino ulikuwa na thamani kwake. Kuwapa wenyeji haki ya kudumu ya kuni na mbao ilikuwa njia ya kuwafunga kwake. Mwaka 1290 watu wa Alessandria walimkamata wakamfungia ndani ya kizimba, na humo akafa mwaka 1292. Ukoo wake wenyewe ulikoma mwaka 1305.

Baada yake Monferrato ilipita kwa ukoo wa Wapaleologi, ikaenda kwa ukoo wa Wagonzaga wa Mantova. Mwaka 1631, kwa mkataba wa Cherasco, Trino ikakabidhiwa Savoy. Wafaransa wa Napoleon wakaja wakaondoka. Ikaja Italia ya wafalme, kisha jamhuri mwaka 1946. Kila serikali mpya ilikuta ushirika huu umeshakuwepo. Katika nchi nyingine za Ulaya, na sehemu kubwa ya Italia yenyewe, karne ya 18 na ya 19 ndizo zilizomaliza ardhi za pamoja. Watawala waliosoma uchumi mpya waliziona kama masalio ya ujinga, wakazigawa, wakaziuza. Hata sheria ya Italia ya mwaka 1927 kuhusu haki za kijumuiya iliandikwa kwa nia ya kuzimaliza haki hizo taratibu.

Upepo ulibadilika baadaye. Sheria ya mandhari ya mwaka 1985 iliziweka ardhi zenye haki za kijumuiya chini ya ulinzi, kwa hoja kwamba mahali ambapo wengi wamemiliki pamoja ndipo mandhari imesalia. Mwaka 1991 sheria ya taifa ya maeneo yanayohifadhiwa ikatamka kwamba ndani ya hifadhi za taifa haki za kijumuiya za wenyeji zinabaki, na zitatumiwa kwa kufuata desturi za mahali, isipokuwa haki za kuwinda. Mwaka 2017 ikaja sheria namba 168, ambayo nadhani kila mwanasheria wa ardhi Afrika Mashariki angefaidika kuisoma. Inazitambua jumuiya hizi kama zenye mamlaka ya kujitungia kanuni zao. Na inasema mali yao haiuzwi, haigawanywi moja kwa moja, haichukuliwi na mtu kwa sababu tu amekaa juu yake miaka mingi, na itatumika daima kwa kilimo, misitu na malisho.

Jinsi kura inavyofanya kazi

Hapa ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndipo akili ya mfumo ilipo.

Msitu umegawanywa katika vitalu vikubwa. Kila mwaka hufunguliwa sehemu ya zamu ya mwaka huo tu, na nyingine zote hupumzika. Sehemu ya zamu hukatwa mafungu, na wanaushirika hupangiwa mafungu hayo kwa kura. Mtu hukata lake, hubeba kuni zake, basi. Mwakani msitu utafunguliwa mahali pengine na kura itapigwa upya.

Ukatwaji wenyewe una tabaka mbili. Miti ya chini hukatwa karibu na ardhi, visiki vikaachwa vichipue, kama mtu wa Tanga au Lushoto anavyokata mkaratusi akijua utarudi. Mialoni mikubwa huachwa imesimama juu ya machipukizi hayo, ikazeeka kwa miaka mingi, ikatoa mbegu na baadaye mbao. Kwa hiyo mahali palipokatwa hapabaki jangwa. Panabaki miti mirefu iliyotawanyika na chini yake visiki vinavyosubiri masika.

Sasa fikiria nafasi ya mwanaushirika mmoja. Hana shamba lake msituni. Hajui miaka kumi ijayo kura itamtupa wapi: pengine kwenye fungu zuri la carpino lenye kuni nzito, pengine kwenye tope. Ikiwa jirani yake leo atakata kupita kiasi katika fungu lake, au ataangusha mwaloni usioruhusiwa, aliyeumizwa anaweza kuwa yeyote kati yao, au mtoto wake. Kila mmoja ana sababu ya kuangalia msitu mzima. Ningepewa kipande changu cha kudumu, ningekitunza hicho na kufumba macho kwa kingine. Na mwenye kipande cha kudumu akipata shida hukiuza, mnunuzi akaja na trekta. Fungu la kura ya mwaka mmoja halina cha kuuza isipokuwa kuni.

Ndiyo maana nasema kura ndiyo iliyouokoa msitu huu. Zawadi ya mwaka 1275 ingeweza kugawanywa mara moja kwa wote, na vizazi vitatu baadaye vingebaki vipande vya mpunga. Katika eneo la Emilia, mashariki zaidi, kwenye miji kama Nonantola na Cento, kuna shirika za aina hii hii ambazo huligawa shamba lenyewe kwa familia kila baada ya miaka kadhaa. Huko kuna mashamba mazuri na historia ndefu, lakini nchi ni ya kulimwa. Trino waligawana kuni wakaiacha ardhi bila kuigawa.

Hifadhi inapoingia

Mwaka 1991 mkoa wa Piemonte ulipotangaza msitu huu kuwa hifadhi, haukumhamisha mtu. Mwenye ardhi alibaki mwenye ardhi, kura ikaendelea, na ukataji ukawekwa chini ya mpango wa usimamizi wa misitu. Baadaye msitu ukaingia pia katika mtandao wa maeneo ya asili ya Umoja wa Ulaya.

Nilipokuwa natembea humo nilikumbuka msitu wa Duru-Haitemba, Babati, katika mkoa wa sasa wa Manyara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu mwaka ule ule wa Trino, serikali yetu ilikuwa inaelekea kuutangaza msitu ule wa miombo kuwa hifadhi ya serikali. Wanavijiji walikataa. Kuanzia 1994 wakaachiwa kuusimamia wenyewe, wakaweka mipaka, walinzi wao na sheria ndogo zao, na msitu ukaanza kupona. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaipa nafasi rasmi misitu ya hifadhi ya vijiji. Watu wa Babati hawakuhitaji kusikia habari za Guglielmo ili kujua walichokijua. Tofauti ni kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kijiji kinaisimamia ndani ya dhamana hiyo. Ushirika wa Trino ni mwenye mali, na serikali ikitaka kuuweka kando itabidi ivunje sheria yake yenyewe.

Nisipake rangi, kuna mvutano ndani ya hifadhi hii na ni wa kweli. Mti uitwao robinia uliletwa Ulaya kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 17. Una miiba, unakua upesi, na kuni zake ni bora: zinawaka vizuri na mbao yake haiozi haraka. Mkata kuni anaupenda. Lakini ukiukata, mizizi yake hutupa machipukizi kila upande, na pale mwanga ulipoingia baada ya ukataji, robinia hufika kabla ya mche wa mwaloni. Mwaloni nao unahitaji mwanga ili kuota, kwa hiyo ukiufunga msitu kabisa usikatwe, mwaloni hausaidiki sana. Ukiukata ovyo, unaikaribisha robinia. Mtaalamu wa ndege atataka miti mizee na magogo yaliyooza yaachwe, na mwenye fungu ataona magogo hayo ni kuni zinazoharibika.

Mimi nimefikia upande mmoja katika jambo hili. Anayeweza kupambana na robinia ni mtu anayeingia msituni kila majira ya baridi akiwa na msumeno na sababu ya kuwa pale. Kung'oa machipukizi mwaka baada ya mwaka ni kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo inahitaji kupata kitu. Hofu yangu kubwa kuliko robinia ni jiko la gesi. Familia isiyohitaji tena kuni itaacha kuja kwenye kura, na asiyekuja kwenye kura hatajua mpaka wa kitalu, wala mwaloni upi uliachwa na babu yake.

Kwa atakayekwenda

Njia za msituni ni tambarare, mzee na mtoto wanazimudu, na katikati ya msitu kuna nyumba ya zamani ya shamba, Cascina Guglielmina, ambayo ni alama nzuri ya kuanzia matembezi. Masika ndiyo wakati wenye mengi: maua ya chini ya miti yanachanua kabla majani hayajaziba jua, na korongo na yangeyange wanajenga viota mitini huku wakila kwenye majaruba yaliyojazwa maji. Ndege hao wamejifunza kuishi kwa vyote viwili, msitu wa wengi na shamba la mmoja. Kiangazi jiandae kwa mbu. Penye mpunga hapakosi.

Chakula cha wilaya hii ni panissa, wali uliopikwa pamoja na maharage. Nilipoletewa sahani nilikaribia kucheka kwa furaha. Muislamu aulize kwanza, kwa kuwa kwa kawaida hutiwa soseji ya nguruwe na divai.

Siku ya mwisho nilipita tena Trino mjini. Ni mji wenye umri, na watoto wake wamewahi kufika mbali: akina Giolito, wachapaji vitabu wakubwa wa Venezia katika karne ya 16, asili yao ni hapa. Pia ndipo palipojengwa mmoja wa mitambo ya kwanza ya nyuklia ya Italia, uliozimwa mwaka 1987. Katika benchi za uwanjani walikaa wazee wa Kiitaliano, na karibu nao akina mama wahamiaji na watoto wao wakizungumza Kiitaliano kuliko mama zao. Uanachama wa ushirika hupita kwa ukoo, kutoka kwa wale waliokuwepo. Nimekisifu chombo hiki kwa kurasa nzima na sirudi nyuma, ila hapa ndipo kinaponisumbua. Ukoo ndio uliokilinda dhidi ya wakubwa wote wale, na ukoo huo huo unamwacha nje mtoto aliyezaliwa hospitali ya Vercelli mwaka juzi, wa baba aliyekuja kulima mpunga. Msituni anaingia bure kama mimi, anaweza kuokota jani la mwaloni na kukimbia nalo. Majira ya baridi, kura itakapopigwa, jina la baba yake halitakuwemo.